Barua ya wazi kwa wanaoshika funguo: mnyama akiharibu mpangaji alipe, ila alipe alichoharibu

Wakuu, habari za kazi.

Naandika barua hii kwenu nyie mnaoshika funguo. Wenye nyumba, mameneja wa majengo, makampuni yanayokusanya kodi kwa niaba ya wenye nyumba, na nyie mnaokaa kwenye mabaraza na mabunge kutunga sheria za upangaji. Kazi yangu mi ni kusafisha nyumba zikishahamwa, yaani mpangaji anatoka na mabegi yake mimi naingia na ndoo, kwahiyo nyumba naiona ikiwa tupu, hakuna kochi la kuficha doa wala pazia la kuficha ukuta, na mara nyingi ndo nakuwa mtu wa mwisho kuona hali halisi kabla rangi mpya haijapigwa. Nimeona niseme sababu huu ugomvi wa mbwa na paka wakati wa kuhama nakutana nao kila mara, na unaisha vibaya kwa pande zote, na kuna wakati unaisha vibaya zaidi kwa mnyama mwenyewe ambaye hana wa kumsemea.

Niliseme la kwanza mapema msije mkadhani natetea wapangaji tu. Mnyama wa mpangaji akiharibu nyumba, mpangaji analipa. Hilo halina mjadala. Hata ile ya kusema mbwa sio wangu ni wa dada yangu alikuja kunitembelea tu haimtoi mtu, aliyeingia kwa ruhusa yako yuko juu yako, awe na miguu miwili au minne. Na ukisema ulikuwa hujui kama paka anakojoa nyuma ya kabati, nyumba ilikuwa mikononi mwako, ulitakiwa ujue.

Ninachowaomba ni kwamba alipe kile kilichoharibiwa, kwa thamani kiliyokuwa nayo siku hiyo, kwa ushahidi, na ayajue haya siku anasaini mkataba sio siku anarudisha funguo. Mkifanya hivyo uharibifu wenyewe utapungua, na nitaeleza huko mbele kwanini nina uhakika na hili.

Tuanze na mkojo maana hapo ndo vita kubwa ilipo. Nyumba imehamwa, kapeti kwa juu safi kabisa, limepigwa mashine, limepuliziwa manukato, meneja anazunguka dakika chache anasaini anaondoka. Mi nikifika nafungua kona moja karibu na mlango wa balkoni, navuta kapeti juu, na chini yake sponji imeshageuka njano inaelekea kahawia, ule ubao mwembamba wenye misumari midogo unaoshika kapeti pembeni umeota kutu mpaka misumari inakatika ukiigusa, na saruji yenyewe ina alama nyeusi yenye unyevu. Doa la juu unalifunika kwa kiganja, la chini mikono yote miwili haitoshi. Mkojo ndo ulivyo, unashuka halafu unatanuka.

Na wa paka ndo mgumu kuliko wote. Ndani yake kuna asidi ya yuriki ambayo haiyeyuki vizuri kwenye maji, inaganda vichembe vichembe ndani ya nyuzi za kapeti na ndani ya vitundu vya saruji. Unaosha kwa sabuni harufu inapotea, umeridhika, halafu siku hewa ikiwa na unyevunyevu inarudi upya. Ndo maana mpangaji anaapa kwamba aliacha nyumba hainuki na mwenye nyumba anaapa kwamba inanuka, na wote wawili wanasema kweli. Kinachovunja vile vichembe ni dawa zenye enzaimu, na zinatakiwa zimwagwe za kutosha na ziachwe zilowe mpaka zifike kule mkojo ulikofika, sio kupuliza na kufuta hapo hapo. Na nawaomba sana sana msiwaambie watu wamwage blichi juu ya mkojo, nimeshakuta maelekezo hayo yameandikwa kwenye karatasi ya jengo kabisa. Mkojo uliokaa unatoa amonia, amonia ikikutana na blichi zinatoa gesi ya kloramini, inabana kifua na kuunguza macho, na bafu nyingi hazina hata dirisha la maana. Mtu asiumie mapafu kwa kuhangaikia dipoziti yake, ile hela ya dhamana aliyoiweka siku ya kuingia.

Sasa uharibifu wa namna hiyo, sponji ya kubadilisha, saruji ya kukwangua na kupigwa praima ya kuziba harufu, huo ni wa mpangaji. Sakafu ya mbao iliyogeuka nyeusi kwa mkojo, mbao za laminet zilizovimba kwenye maungio, mlango uliochimbwa na kucha za mbwa anayefungiwa peke yake kutwa nzima mpaka imeonekana mbao ghafi, fremu iliyotafunwa, wavu wa dirisha uliochanwa na paka, yote yake. Hii sio uchakavu wa kawaida. Japani ambako serikali ilitoa mwongozo wa kurudisha nyumba kwenye hali yake tangu 1998 wameliandika wazi, mikwaruzo ya wanyama kwenye nguzo na harufu yao kwenye kuta ni mzigo wa mpangaji. Sina tatizo na hilo hata kidogo.

Viroboto pia. Hawa watu wengi hawawaelewi na ndo maana kesi zao zinakuwa na kelele nyingi. Kiroboto kabla hajawa mkubwa anajifungia kwenye kifuko kidogo ndani ya nyuzi za kapeti au kwenye nyufa za sakafu, na humo anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula chochote anasubiri joto, mtikisiko wa hatua za mtu na ile hewa tunayotoa tukipumua. Nyumba ikikaa tupu unadhani iko salama, mpangaji mpya anaingia na watoto wake anakanyaga kapeti siku ya kwanza wanatoka wote kwa pamoja, halafu anaambiwa amewaleta yeye wakati hajawahi kufuga hata sungura. Kwahiyo aliyekuwa na mbwa au paka mwenye viroboto alipie kupuliza dawa, ni haki. Ila iwe viroboto wameonekana. Kuna mikataba inaandika kila aliyefuga lazima akatwe hela ya kupuliza dawa, hata kama paka wake alikuwa anapata dawa kila mwezi na hakuna mdudu hata mmoja aliyeonekana, hiyo sasa sio fidia ya uharibifu, ni makato tu ya kumkomoa aliyefuga.

Na hapo ndo ninapoanza kutofautiana na nyie.

Kuna vitu mnavilipisha kama uharibifu na sio uharibifu. Manyoya kwenye kona na kwenye vichujio vya feni ni usafi, na usafi ni kazi ya saa chache naijua mi ndo naifanya. Alama za pua ya mbwa kwenye kioo cha mlango ni usafi. Mikwaruzo midogo midogo juu ya vanishi ya sakafu sehemu ya kupita ambayo hata viatu vya mtu vingeweka, rangi iliyopauka, kapeti lililolala pale watu wanapokanyaga kila siku, hayo yangekuwepo hata kama mpangaji angekuwa anafuga maua. Ila nyumba ikishajulikana ilikuwa na mbwa basi kila alama inakuwa ya mbwa. Nimesikia meneja anasema tundu la msumari ukutani ni la mbwa. Jamani.

Halafu kuna suala la umri wa kitu, na hili nawaomba mlisome taratibu sababu ndo linalowaumiza watu kuliko yote. Kapeti halidumu milele. Rangi haidumu milele. Tuseme kapeti lilitarajiwa kukaa miaka 10, limeshakaa 7, paka wa mpangaji akaliharibu mpaka halifai. Alichowanyang'anya ni ile miaka 3 iliyobaki, kwahiyo anadaiwa 3 kati ya 10 ya gharama, na kama kilichoharibika ni chumba kimoja basi ni ya chumba kimoja. Mkimlipisha kapeti jipya la nyumba nzima mmepata kitu kipya kwa hela ya mtu aliyeharibu kitu kizee, hapo mmepiga faida sio mmefidiwa. Uingereza waamuzi wa migogoro ya dipoziti wanalifuata hilo, mwenye nyumba hatakiwi kutoka kwenye ugomvi akiwa na nyumba bora kuliko aliyoikabidhi. Japani ule mwongozo wao unahesabu karatasi ya ukutani kwa miaka 6, ikishapita thamani yake inabaki yeni 1, na tangu 2020 sheria yao ya madai yenyewe inasema uchakavu wa matumizi ya kawaida sio deni la mpangaji. Hapo kazi ya fundi bado inaweza kudaiwa kama mtu aliharibu kwa uzembe, lakini huwezi kudai bei ya kitu kipya kwa kitu ambacho muda wake ulishaisha.

Kuna dada mmoja alikatwa dipoziti yote kwa kapeti la nyumba nzima sababu ya doa moja chumbani. Doa lilikuwepo, niliona, na hakubisha. Ila lile kapeti lilikuwepo kabla yake na kabla ya aliyemtangulia, nalijua maana nilishawahi kulisafisha, lina kiraka nyuma ya mlango wa stoo nilikiona mara ya kwanza na mara ya pili kiko pale pale. Akaondoka bila kitu, akashindwa kuweka dipoziti kule alikokuwa anahamia, akaenda kukaa kwa ndugu. Na baadae nikaitwa kusafisha nyumba ile ile kwa ajili ya mtu anayefuata, nikafungua mlango, kapeti ni lile lile. Kiraka kile kile. Hela ya kapeti jipya imekatwa, kapeti jipya halijawahi kuingia ndani. Sitaji nyumba wala mtu, ila nataka mjue kwamba sisi tunaosafisha tunaona.

Ndo maana naomba risiti. Sio makadirio ya kwenye karatasi, risiti ya kazi iliyofanyika au angalau bili ya fundi yenye maelezo ya chumba gani na kitu gani. California mwenye nyumba ana siku 21 tangu mtu ahame kurudisha dipoziti au kumpelekea mchanganuo wa kila alichokata, na makato yakivuka kiwango fulani lazima aambatanishe nakala za bili na risiti, na kuanzia 2025 wameongeza ulazima wa picha. Sio jimbo la watakatifu, ila mtu aliyekatwa anajua amekatwa nini na anaweza kubisha kitu kimoja kimoja badala ya kubisha jumla ambayo hajui imetoka wapi.

Na picha zianze siku ya kuingia, hapa ndo wengi mnakosea. Ukaguzi wa kuingia unafanyika mbio mbio mpangaji ana lori la mizigo linasubiri nje, anasaini fomu hajaisoma, na kwenye fomu imeandikwa hali nzuri, hali nzuri, hali nzuri mpaka mwisho. Miaka mitatu baadae inanuka mkojo, nani alikojoa? Nimeshafungua kapeti nikakuta madoa ya rika mbili, moja kavu limeshakuwa unga na jingine bado lina unyevu, wanyama wawili tofauti wa watu wawili tofauti, na aliyepo siku hiyo ndo analipia yote. Kuna tochi za mwanga wa zambarau ambazo mkojo unawaka ukiumulika gizani, ni kifaa kidogo kinaingia mfukoni. Mmulike siku ya kukabidhi, mbele ya mpangaji, taa zimezimwa, mpige picha na tarehe yake, na mmulike tena siku ya kutoka. Kuna vitu vingine vinawaka pia kama baadhi ya sabuni kwahiyo pua na mkono vitumike kuhakikisha, lakini ni bora mara mia kuliko kubishana kwa viapo. Na nyumba ikishaonekana ina harufu ya zamani iandikwe hivyo hivyo ina harufu ya zamani, hata kama itamfanya mtu aombe punguzo.

Sasa nije kwenye lile nililosema nitaeleza. Kwanini nina uhakika kwamba mkiwa wa haki uharibifu utapungua.

Mkojo ukikutwa siku ile ile ni kazi ya taulo na dawa kidogo. Ukikutwa baada ya wiki ni kazi ya mashine. Ukikutwa baada ya mwaka ni kapeti, sponji, ubao wa pembeni na saruji. Kitu kinachoutoa mkojo kwenye taulo na kuufikisha kwenye saruji ni muda, na kitu kinachonunua huo muda ni woga. Mpangaji anaona paka ameanza kukojoa nje ya boksi lake la mchanga, na hapo mara nyingi paka ni mgonjwa wa njia ya mkojo au ana hofu na kitu, anatakiwa daktari wa mifugo, na sakafu inatakiwa ishughulikiwe leo. Lakini akiwaambia anajua kitakachofuata, atapewa notisi au atakatwa kila kitu, kwahiyo anavuta zulia dogo anafunika. Anahamisha kochi. Mbwa akichimba mlango ananing'iniza koti hapo. Bomba likivuja hapigi simu maana fundi akija atamwona mbwa, na hilo nimelikuta kweli, kabati la chini ya sinki limeoza lote sio kwa mnyama bali kwa maji, sababu mtu aliogopa kumwita fundi. Mkataba unasema hakuna mnyama, mnyama yupo, wote mnajua yupo, na kwakuwa hayupo kwenye karatasi basi hakuna anayekagua wala anayerekebisha mapema.

Wanaorudishiwa dipoziti zao kwa amani ni wale waliosema. Mtu aliyemwambia meneja mapema jamani mbwa wangu amekwaruza fremu, wakakubaliana fundi apige msasa na vanishi, akalipa hela kidogo yake ikaisha. Siku ya kuhama hakuna kesi. Naziona nyumba hizo, nazimaliza mchana narudi kwangu.

Kwahiyo kupiga marufuku jumla jumla naona hakuwasaidii. Ufaransa kifungu cha mkataba kinachomkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani ni batili tangu sheria ya 1970, isipokuwa mbwa wa aina za hatari. Ujerumani mahakama kuu ya shirikisho iliamua 2013 kwamba huwezi kuandika tu mbwa na paka hawaruhusiwi kwenye mkataba wa kawaida ikawa imeisha, lazima upime mazingira ya kila mtu. England kwa sheria ya 2025 mpangaji amepewa haki ya kuomba kufuga na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu ya msingi. Sisemi mruhusu kila kitu, apatimenti ya chumba kimoja na mbwa wanne wakubwa ni mateso kwa mbwa na kwa jirani, kataeni. Nasema mkikataa muwe na sababu inayosemeka, na mkikubali mkubali kwa maandishi, mnyama aandikwe ni yupi, ana umri gani, kahasiwa au la maana dume la paka lisilohasiwa linapuliza mkojo kwenye kuta na kuhasiwa kunapunguza hiyo tabia sana, na muandike nini kitalipiwa akiharibu.

Halafu hizi hela za mnyama. Kuna sehemu mpangaji anatozwa dipoziti ya ziada ya mnyama, juu yake ada ya mnyama isiyorudishwa, juu yake tena kodi ya mnyama kila mwezi, Marekani hii imezoeleka sana. Sasa mnyama akiharibu kitu anadaiwa upya toka mwanzo wakati miaka yote amekuwa akilipia mnyama. Ile hela ya kila mwezi ilikuwa ya nini? Kama ni ya uchakavu wa ziada unaoletwa na mnyama basi uchakavu huo umeshalipiwa, utolewe kwenye hesabu. Kama sio ya hiyo basi mseme wazi ni kodi tu, mtu achague kukubali au kwenda kwingine. England tangu 2019 dipoziti imewekewa kikomo, kwa nyumba nyingi ni kodi ya wiki 5, na huwezi kuongeza dipoziti ya paka juu ya kikomo hicho. New Zealand wao wamekwenda njia nyingine, kuanzia Desemba 2025 mwenye nyumba anaruhusiwa kuchukua dipoziti ya mnyama isiyozidi kodi ya wiki 2, na mpangaji anabeba uharibifu wa mnyama unaozidi uchakavu wa kawaida. Mi hiyo ya New Zealand naiona ina akili, sababu ni hela moja, ina jina, ina kikomo, na inarudi kama mnyama hajaharibu. Ada isiyorudi ndo mbaya kuliko zote, maana inamwambia mtu kwamba atunze nyumba asitunze hela imekwenda, sasa atunze kwa ajili ya nini.

Mbwa anayemwongoza mtu asiyeona na wanyama wengine wa kumsaidia mwenye ulemavu muwatoe kwenye hesabu hii. Marekani mwenye nyumba haruhusiwi kumtoza dipoziti ya mnyama mtu wa namna hiyo, ila mnyama huyo akiharibu kweli gharama inadaiwa kama ya mtu mwingine yeyote, na hapo naona wamepata uwiano mzuri.

Nina jingine, hili linaniuma kulisema. Kuna nyumba naingia nakuta mnyama ameachwa. Paka kafungiwa bafuni na bakuli la maji, na karatasi kwenye friji imeandikwa samahani. Kila nikikuta hivyo nasimama kazi natafuta wa kumchukua, na sio kila siku anapatikana. Kuna watu ni wakatili wa moyo, hao hakuna mkataba utakaowabadilisha. Lakini wengine sio wakatili, ni watu waliopata nyumba moja tu baada ya kuhangaika na hiyo nyumba haitaki mnyama, na dipoziti yao imeshikiliwa na nyie mwezi wa pili sasa kwa sababu ya alama za kucha ambazo hamjawaonyesha, hawana cha kulipia sehemu inayokubali. Kila dipoziti mnayoishikilia bila maelezo ina mtu nyuma yake anapiga hesabu amwache nani. Naomba mlifikirie hili mnapoandika neno siku ngapi kwenye sheria zenu.

Wapangaji wenzangu nanyi mnaosoma (na mi nimepanga, nina paka), msichukulie barua hii kama ruhusa. Kateni kucha za wanyama wenu, muwape paka mti wao wa kukwaruzia maana kukwaruza ni maumbile yake, anaacha harufu yake na kuvua ganda la ukucha la zamani, hamuwezi kumkataza mnaweza tu kumpa pa kufanyia. Msipake rangi usiku wa kuamkia kuhama kwa rangi isiyofanana, mnanitengenezea kazi mara mbili na mnalipishwa ukuta mzima. Na mkimwaga manukato juu ya mkojo hamdanganyi mtu.

Wakuu, ninachoomba kinaingia kwenye karatasi moja. Mkataba useme mnyama ameruhusiwa au la na kwanini, na kama ameruhusiwa useme uharibifu ni nini na uchakavu ni nini kwa mifano, mkojo uliofika sakafuni huku, manyoya kule. Ukaguzi wa kuingia ufanyike wa kweli, na picha, na nakala abaki nayo mpangaji. Wiki mbili hivi kabla ya kuhama mtu aje akague mapema, aseme hiki na hiki rekebisha mwenyewe ukiweza, California mpangaji ana haki ya kuomba ukaguzi huo na sioni sababu ya kutokuwa nao popote pale, sababu mtu akipewa nafasi ya kurekebisha mlango mwenyewe anaurekebisha vizuri kuliko fundi wenu wa haraka. Kila kitu kwenye nyumba kiwe na mwaka kiliowekwa, kapeti, rangi, sakafu, ili siku ya kuhesabu kusiwe na kubahatisha. Makato yawe na risiti. Hela iliyobaki irudi ndani ya siku zilizotajwa na ikichelewa kuwe na adhabu inayouma. Na pawepo mahali pa kulalamika ambapo hapahitaji wakili, mtu mwenye elimu ya darasa la saba aweze kwenda na picha zake akasikilizwa.

Na sisi wasafishaji mtuulize. Hakuna anayetuuliza. Kwenye hizi kesi mnaita meneja, mnaita mpangaji, mnaita fundi rangi aliyekuja mwisho baada ya ushahidi kufutwa, wakati sisi ndo tuliofungua ile kona ya kapeti kabla haijafungwa tena. Tuwekeeni fomu fupi ya kujaza tulichokikuta na tuijaze kabla hatujagusa kitu, isainiwe, ikae kwenye faili la nyumba. Mi niko tayari kuanza hata kesho na jengo lolote litakalokubali, sidai malipo ya ziada kwa hilo.

Nasubiri majibu yenu, hata ya kunipinga nitayasoma.

Wenu,
msafishaji wa nyumba zinazohamwa